Uzi: Mwenye ndoo ya gundi anaitakia nini dunia nzima?

Msomaji wa Tom Mboya (mleta mada) | Jumanne, saa 1:40 usiku

Salaam, wanajukwaa. Juzi, kwenye turubai la muuza vitabu vikuukuu kando ya Barabara ya Tom Mboya, nilinunua gazeti la katuni la Fantastic Four, kikundi cha mashujaa wanne, ambalo halina jalada na ambalo kurasa zake mbili za mwisho zimechanwa. Ndani yake mna kikundi cha maadui wao kiitwacho Frightful Four, ambacho wenye kumbukumbu watajua kuwa kilitokea mara ya kwanza katika toleo la 36, mwaka 1965. Yumo Wizard mwenye visahani vya kuwaelesha watu hewani, Sandman ambaye mwili wake hugeuka mchanga, Medusa ambaye nywele zake hukamata watu kama mikono, na bwana mmoja aitwaye Paste-Pot Pete ambaye silaha yake ni bunduki iliyounganishwa na ndoo ya gundi. Naomba mrudi msome hapo mwisho. Ndoo ya gundi.

Swali langu ni hili: kwa nini vikundi vya namna hii, vya maadui wa daraja la tatu ambao hawawezi kushika hata kituo kimoja cha matatu kwa nusu saa, hudai kila mara kwamba wanataka kutawala dunia nzima? Kwa nini wasitosheke na mtaa mmoja?

Kijana wa Umoja | saa 1:52 usiku

Akitosheka na mtaa mmoja, gazeti litakwisha ukurasa wa nne na mchapishaji atakosa cha kukuuzia mwezi ujao. Jibu ndilo hilo. Tufunge uzi tukalale.

Mhakiki wa Ngara | saa 2:15 usiku

Tusiufunge kabla ya kusahihisha kosa lililomo katika swali lenyewe. Frightful Four hawakuundwa ili watawale dunia. Waliundwa ili wawashinde Fantastic Four, na jina lao ni dhihaka kwa jina la mahasimu wao. Hiyo ni chuki ya mtu na mtu, kama ya majirani wawili wanaogombania ukuta. Isitoshe, Pete hakukaa na jina hilo muda mrefu, kwa maana kufikia toleo la 38 la mwaka huohuo wa 1965 alikuwa amejibadilisha akawa Trapster, kwa sababu hata yeye alichoka kuchekwa.

Mleta mada akitaka kikundi kilichodhamiria dunia hasa, arudi nyuma hadi Machi 1943, katika toleo la 22 la Captain Marvel Adventures la kampuni ya Fawcett. Hapo ndipo ilipoanza hadithi ya Monster Society of Evil, yaani Jumuiya ya Majitu Maovu, iliyoandikwa na Otto Binder na kuchorwa na C. C. Beck, ikaendelea kwa sura 25 hadi toleo la 46, Mei 1945. Kiongozi wa jumuiya hiyo, Mister Mind, mwanzoni alisikika sauti tu, akiwaamrisha majambazi na majitu ya kila namna, na msomaji akawa anajiuliza ni nani huyu mwenye akili ya kutisha kiasi hiki. Alipofichuliwa, akaonekana kuwa ni kiwavi. Kiwavi mdogo, asiyefika urefu wa kidole, mwenye miwani kwa sababu macho yake hayaoni mbali, na mwenye kipaza sauti kidogo shingoni kwa sababu bila hicho hakuna ambaye angemsikia.

Bi. Pumwani | saa 2:21 usiku

Kiwavi kama wale wanaokula sukuma wiki?

Mhakiki wa Ngara | saa 2:24 usiku

Kama wale, Mama, ila huyu alitoka sayari nyingine.

Mwalimu Mstaafu | saa 2:58 usiku

Nashukuru kwa tarehe hizo, kwa kuwa ndizo zenye jibu. Mtoto wa Marekani aliyelinunua toleo lile mwaka 1943 alikuwa na kaka au baba vitani, na redio iliyokuwa sebuleni kwao ilimtajia kila jioni mtu mwenye sauti kali aliyetaka ulimwengu wote. Kutawala dunia halikuwa jambo la kubuni. Lilikuwa habari ya saa mbili usiku. Katika jumuiya hiyohiyo ya kiwavi alikuwamo mhusika aliyeitwa Captain Nazi, na waandishi hawakujisumbua kulificha walilokusudia. Kwa maoni yangu vikundi vyote vilivyofuata, hata vilivyoundwa baada ya vita kwisha, vilirithi tamaa ile kama mtoto anavyorithi koti la kaka yake, liwe linamtosha au linamburura.

Wakili wa Barabara ya Ngong | saa 3:30 usiku

Maelezo ya Mwalimu ni mazuri, lakini naona sababu iliyo karibu zaidi na meza ya mchoraji, nayo ni kanuni. Mwaka 1954, baada ya vikao vya Seneti ya Marekani vilivyochunguza uhusiano wa magazeti ya katuni na utovu wa nidhamu wa vijana, wachapishaji walijiwekea masharti yaliyoitwa Comics Code. Masharti hayo yalitaka wema ushinde uovu kila mara na mhalifu aadhibiwe, na yalikataza kuonyesha kwa undani mbinu za kutenda uhalifu. Sasa jiwekeni mahali pa mwandishi. Huwezi kuonyesha jinsi ya kuvunja kufuli, wala jinsi ya kuiba gari, maana mtoto ataiga. Lakini hakuna mtoto wa miaka kumi atakayeiga kuiteka dunia kwa mashine ya kusogeza mwezi. Tamaa iliyopita kiasi ndiyo iliyokuwa salama mbele ya wakaguzi.

Mhakiki wa Ngara | saa 3:41 usiku

Ndugu Wakili, kesi yako imevunjika kwenye kalenda. Kiwavi alianza mwaka 1943 na kanuni zikaja mwaka 1954. Hata Injustice Society ya kampuni ya DC, iliyomkusanya Vandal Savage na wenzake waiteke Marekani, ilitokea mwaka 1947. Kanuni haiwezi kuzaa kitu kilichoitangulia kwa zaidi ya miaka kumi.

Wakili wa Barabara ya Ngong | saa 3:55 usiku

Nakubali kosa la kalenda, sikubali kushindwa. Sikusema kwamba kanuni ndiyo iliyozaa, nasema ndiyo iliyolea. Magazeti ya uhalifu wa mitaani, ambamo jambazi alitaka benki na bunduki tu, ndiyo yaliyoumia zaidi baada ya mwaka 1954, na nafasi yao ikachukuliwa na watu wa kutaka dunia. Tazama HYDRA, waliotokea katika toleo la 135 la Strange Tales mwaka 1965 wakiwa na sare za kijani na kiapo kwamba ukikata kiungo kimoja vitachipuka viwili. Mwaka uliofuata wakaja A.I.M., wanasayansi waliovaa mavazi ya manjano ambayo hata mchoraji mwenyewe hangekataa kuwa yanafanana na ya wafugaji nyuki. Hao nao wanataka dunia. Mimi nina shamba dogo la urithi huko Kitui na nimewahi kuvaa vazi lile wakati wa kurina asali. Ukilivaa kwa dakika kumi, jasho linaingia machoni na huwezi kujifuta, kwa hiyo unachokitaka si dunia. Ni maji.

Kijana wa Umoja | saa 4:02 usiku

Wakili amekuja kutetea kanuni, ameishia kuuza asali.

Katibu Aliyejiuzulu | Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Nimesoma uzi huu ndani ya matatu na naona wote mmeanza na mwandishi ilhali jibu limo ndani ya kikundi chenyewe. Niliwahi kuwa katibu wa chama cha watu kumi na mmoja mtaani kwetu. Tulianza kwa kuchanga shilingi mia mbili kila wiki, kwa nia ya kununuliana mitungi ya gesi. Mkutano wa tatu, mwenyekiti akapendekeza tuachane na mitungi, tununue kiwanja. Mkutano wa sita kiwanja kikawa jengo la ghorofa tano, na kabla ya mwaka kwisha tulikuwa na katiba yenye kifungu kuhusu matawi ya nchi za nje. Hatukuwa tumenunua hata bati.

Baadaye nilielewa. Lengo likiwa mtungi wa gesi, mwanachama ataupata kisha aondoke, na asipoupata atauliza pesa zake ziko wapi. Lengo likiwa la kimataifa, hakuna awezaye kusema kwamba limechelewa. Mwenyekiti wa majambazi naye anajua kuwa akiahidi benki moja, Jumatatu watamdai mgao. Akiahidi dunia, wataendelea kumfulia sare.

Dada wa Buruburu | saa 1:05 asubuhi

Katibu amenikumbusha Fearsome Five, walioanza katika toleo la 3 la New Teen Titans la Marv Wolfman na George Pérez mwanzoni mwa miaka ya 1980. Doctor Light alitangaza nafasi za kazi katika gazeti la wahalifu, watu wakaitikia, na muda si muda mmoja wa aliowaita, Psimon, akamnyang'anya uongozi. Yeye aliyelipia tangazo akabaki mjumbe wa kawaida. Nani kati yetu hajaona mwanzilishi wa kikundi akiondolewa katika kundi la WhatsApp alilolifungua mwenyewe?

Hata hivyo nina swali kwa Katibu. Maelezo yako yanatuambia kwa nini mwenyekiti anaahidi dunia. Hayatuambii kwa nini wajumbe wanaamini.

Katibu Aliyejiuzulu | saa 1:11 asubuhi

Dada, niliamini kwa miezi kumi na minne na mpaka leo sijajua kwa nini.

Fundi Viatu, Gikomba | saa 4:45 asubuhi

Hamjambo. Mimi si msomaji wa katuni, ila mteja mmoja amenionyesha mjadala huu kwa sababu ya gundi, na kuna jambo la kiufundi ambalo nyote mmelipita. Gundi ya kazi yetu haibandiki ikiwa mbichi. Unaipaka pande zote mbili, kwenye soli na kwenye kiatu, kisha unaiacha ikauke mpaka ukiigusa kwa kidole isishike kidole, halafu unakutanisha na kugonga kwa nyundo. Ukikutanisha mapema, kiatu kitafunguka kabla mteja hajavuka barabara. Tena gundi ikikaa kwenye kopo lililo wazi hufanya utando juu, na chini yake huanza kuwa mzito kama ugali. Kwa hiyo huyo bwana Pete, akitoka nyumbani saa moja na ndoo wazi akitembea juani, akifika benki saa nne atakuwa amebeba ndoo ya jiwe.

Nilitaka kusema hilo tu.

Mhakiki wa Ngara | saa 5:02 asubuhi

Katika miaka yote niliyosoma kuhusu Pete tangu alipotokea katika Strange Tales toleo la 104 la mwaka 1963, huu ndio uhakiki bora zaidi niliowahi kuuona. Itabidi tuseme kwamba alikuwa mkemia na gundi yake ilikuwa ya kutengeneza mwenyewe, vinginevyo hadithi nzima inaanguka.

Bi. Pumwani | saa 8:30 mchana

Wanangu, nimewasikiliza. Katika hadithi tulizosimuliwa sisi, hakuna anayetaka kutawala dunia. Anataka kula. Nyanya yangu alitusimulia habari za Sultani Majinuni na paka wake. Paka alikula ndama, watu wakashtaki, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu likawa lilelile. Akala mtoto wa mtu, na bado sultani hakuona neno. Alipowala wana wa sultani ndipo ikatambulikana kuwa huyo si paka tena, ni nunda mla watu, na ikambidi mwana mdogo wa mwisho aingie mwituni kumtafuta. Hadithi hiyo imo hata katika kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870, kwa hiyo si ya kutungwa jana.

Nunda hakuwa na jumuiya, hakuwa na sare, wala hakuhutubia mtu. Alianza na kilichokuwa karibu. Hao wenu wanaanza na dunia ndipo washindwe na mlango wa benki. Naona wamefundishwa vibaya.

Mwalimu Mstaafu | saa 9:10 alasiri

Bi. Pumwani ameleta tofauti ambayo sikuwa nimeifikiria, baina ya kula na kutawala. Anayekula hahitaji kukubaliwa na anachokila. Anayetawala anahitaji watu wabaki hai, wamtii, tena wajue kwamba ni yeye. Ndiyo maana yule kiwavi alihitaji kipaza sauti. Angeweza kuingia katika ghala la nafaka akaleta njaa bila mtu kumjua, lakini huo haungekuwa utawala. Hii haifuti maelezo yangu ya vita, ingawa nakiri kwamba inayapunguzia uzito.

Dada wa Buruburu | saa 9:48 alasiri

Basi na tumtaje M'Baku, maana hapa tofauti hiyo inaonekana wazi. Alipotokea katika toleo la 62 la Avengers mwaka 1969, akiitwa Man-Ape, alichotaka ni kiti cha Wakanda, ufalme wa kubuni wa Kiafrika, na hilo ni jambo linaloeleweka. Mwaka 1970 wakamtia katika Lethal Legion pamoja na Grim Reaper, Living Laser na wengine, na ghafla mtu mwenye shabaha akawa mmoja katika mstari wa watu wanaopiga kelele. Kikundi kilimpunguza. Na kwa kuwa tumegusa Afrika, naomba isisahaulike kwamba mama yake Storm, yule shujaa wa X-Men, ni Mkenya.

Kijana wa Umoja | saa 9:50 alasiri

Tulijua utalitaja hilo. Hakuna uzi wa katuni jijini Nairobi uliowahi kwisha bila mama yake Storm.

Mwalimu Mstaafu | saa 10:25 jioni

Tukiwa hapo Afrika, si haki kumsifu kiwavi bila kutaja uchafu uliomzunguka. Magazeti yaleyale ya Captain Marvel yalikuwa na mtumishi mweusi aliyeitwa Steamboat, aliyechorwa midomo mikubwa na kuzungumzishwa kama mpumbavu, na Wajapani katika hadithi ile ya Monster Society hawakuchorwa kama watu. Steamboat aliondolewa mwaka 1945 baada ya wanafunzi wa New York kwenda kulalamika kwa mhariri. Wanafunzi, si wabunge. Nawauliza basi: majambazi walitaka kutawala dunia, lakini dunia ya nani? Katika kurasa zile mtu wa rangi yangu alikuwa mtumishi hata upande wa wema.

Mhakiki wa Ngara | saa 10:40 jioni

Hilo halina jibu la utani, Mwalimu, na ndiyo sababu hadithi ile kuichapisha upya leo si jambo jepesi. Ningeongeza tu kwamba "dunia" katika magazeti haya kwa kawaida ni New York, walikokuwa wachapishaji wenyewe. HYDRA wanatangaza vita dhidi ya ulimwengu, kisha unawakuta palepale New York.

Msikilizaji wa South B | saa 1:15 usiku

Nimekaa kimya ila naona kikundi kimoja kimesahaulika, nacho ndicho kinachompinga kila mtu hapa. Ni Secret Empire. Walitokea mwaka 1966 katika Tales to Astonish, wakiwa na vifuniko vya kichwa na namba badala ya majina, na wakati ule walikuwa kichekesho kama wengine. Lakini mwaka 1974 Steve Englehart na mchoraji Sal Buscema waliwarudisha katika Captain America. Safari hii hawakuitaka dunia, waliitaka Marekani, tena kwa matangazo ya televisheni na kuchafua jina la Captain America kwanza. Katika toleo la 175 kiongozi wao, Number One, anakimbizwa hadi ndani ya Ikulu ya White House, anafunuliwa uso ambao msomaji haonyeshwi, na anajiua. Toleo hilo lilikuwa la Julai 1974. Rais Nixon wa Marekani alijiuzulu tarehe 9 Agosti.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba "dunia" ni pazia. Mwandishi akiogopa kutaja serikali anataja sayari. Akipata ujasiri, ramani inapungua.

Wakili wa Barabara ya Ngong | saa 1:22 usiku

Na kanuni zile za mwaka 1954, ingawa zililegezwa mwaka 1971, zilikuwa bado zinatumika wakati huo. Nalitaja hilo kwa masikitiko, kwa kuwa halinisaidii.

Babu wa Jericho | saa 2:05 usiku

Vijana, sisi tulisoma gazeti la shujaa Lance Spearman, wala hakuchorwa, alipigwa picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 tuliazimana gazeti lile mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa. Kofia yake, gari lake la Stingray, Sonia, Lemmy, Kapteni Victor, na yule hasidi asiyekoma kurudi, Rabon Zollo. Sikumbuki kama Zollo aliitaka dunia. Nakumbuka kwamba tulimwogopa, na hao wenu wa namba na sare sioni mtu anayewaogopa. Katika Taifa Leo tulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye hakutaka kutawala chochote, na tulimsoma kwanza kabla ya siasa.

Kijana wa Umoja | saa 2:12 usiku

Babu, na akta alikuwa hafi?

Babu wa Jericho | saa 2:14 usiku

Spear? Afe vipi na wiki ijayo yupo?

Msomaji wa Tom Mboya (mleta mada) | saa 3:00 usiku

Nawashukuru. Nilileta swali moja na sasa nina vita, kanuni, chama cha mitungi ya gesi, nunda na Ikulu ya watu, na ninayeshawishika naye zaidi ni Katibu, ingawa Dada wa Buruburu alimbana akakosa jibu. Bwana Fundi, kama bado unasoma, nina ombi lisilohusu mjadala. Uti wa gazeti langu umeachana na kurasa zinaanguka. Nikikuletea Gikomba utanibandikia?

Fundi Viatu, Gikomba | saa 3:20 usiku

Usilete, maana gundi yangu itaigeuza karatasi rangi ya chai ndani ya miezi michache. Chukua unga wa ngano vijiko viwili, koroga na maji baridi kwanza, kisha pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito unaong'aa. Ukipoa, paka kidogo kwa brashi kwenye uti, weka kitabu kizito juu, uache usiku mzima. Marehemu babangu alibandika daftari zetu hivyo.

Mhakiki wa Ngara | saa 3:26 usiku

Uji wa ngano ndani ya ndoo. Huenda Pete hakuwa mkemia hata kidogo.

Msomaji wa Tom Mboya (mleta mada) | Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Nimeamka, umeshika. Mende wameanza kuula pembeni, na kurasa mbili za mwisho bado ninazitafuta. Mwenye toleo hilo anijulishe.